Besi Inayotembea

Kitengela, Jumapili jioni, mwezi wa saba.

Upepo umeshinda ukipiga mabati tangu asubuhi, na baridi ya mwezi huu haina adabu. Nimevaa soksi mbili mbili na bado vidole vya miguu vimekufa ganzi. Vya mikono vinauma, lakini hivyo ni kwa sababu nyingine, na maumivu yake nayapenda.

Nina furaha. Naandika hilo mapema nisije nikalizungukazunguka kama kawaida yangu.

Kwa anayepita kwenye shajara hii ya mtandaoni mara ya kwanza: siku za wiki mimi ni mtu wa maabara katika kiwanda cha saruji, na Jumapili napiga gitaa la besi kanisani. Mke wangu, Mama Nelima, ni mwalimu wa chekechea, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya kuingia. Kwetu kwaya haiingii kanisani hivi hivi kama watu wanaoenda sokoni. Inaingia kwa mwendo, wawili wawili, kutoka mlangoni hadi mbele, wakiyumba kushoto na kulia, na yule kiongozi aliye peke yake mbele ndiye anayeamua mguu utue lini. Kazi ya besi ni kuhakikisha mguu huo ukitua unakuta mahali pa kukanyaga.

Mwaka jana mke wangu alienda Matasia kumsalimia dada yake. Boda boda ikateleza kwenye barabara ya udongo wa murram iliyonyeshewa, na mguu wake wa kulia ukavunjika. Ulipona, ila ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Tangu hapo amekuwa akiketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anaimba kwa sauti yake yote, na wenzake wanampita wakiingia.

Hakulalamika. Aliniambia mara moja tu, akikunja nguo, kwamba hataki kuwaharibia laini, ule mstari wao wa kuingia.

Mimi ndiye niliyelalamika, na wala si juu ya mguu. Nililalamika juu ya besi.

Ile yangu ya zamani ilikuwa imepinda shingo. Kanisa la mabati huku Kajiado ni jiko mchana na friji usiku, sijui ni mbao gani zingevumilia. Nyuzi zilianza kukoroma, na nikapata kisingizio nilichokuwa nakingoja. Kwa miezi nimekuwa nikitazama video za wanaume wenye ndevu nzuri wakibishana juu ya mbao, nyaya na vifundo vya kurekebishia sauti. Nilishaamua: nyuzi tano, rangi nyeusi, shingo ndefu. Nikamweleza mke wangu kwamba muziki wa siku hizi unadai chombo cha siku hizi. Akanijibu ile "sawa" ambayo waume wote wanaijua.

Alhamisi tulitoka kliniki ya mguu tukapitia kwa Abdi. Abdi ni mtu wa Garissa, mpole, anauza vitu vya mtumba vya umeme: friji, televisheni, spika, na ukutani magitaa yanayoning'inia katikati ya feni. Bei zake ni za watu kama sisi. Mama Nelima akaketi juu ya spika moja kubwa, fimbo yake magotini, na mimi nikaelekea moja kwa moja kwa ile nyeusi.

Jamani, ilikuwa nzuri. Niliivaa nikajiona kwenye kioo cha televisheni iliyozimwa, tumbo limefichika kabisa. Nikapiga kila kitu ninachokijua, na vingine nisivyovijua. Nilipomaliza nilimgeukia mke wangu nikitarajia makofi.

"Iko na sauti mzuri," alisema. "Lakini haitembei."

Nikamuuliza haitembei vipi. Akasema sijui, haitembei tu, mguu wangu hausikii kitu. Cheza ile ya kuingia nayo.

Nikacheza ule wimbo wetu wa kuingilia. Akatikisa kichwa. Abdi akaniletea nyingine nyekundu, yenye vifundo vingi kama rubani ndiye ataipiga. Nayo haikutembea. Nilianza kukasirika, kwa sababu mwanamke huyu hajawahi kushika gitaa hata la kufuta vumbi, na sasa alikuwa ananipigia kura kwa unyayo.

"Kuna ingine huku," Abdi alisema, "lakini mzee, hiyo ni ya watu wa kujifunza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Abdi aliinama kweli. Aliitoa nyuma ya friji. Besi fupi, nyuzi nne, rangi ya uji wa wimbi, imechubuka upande mmoja. Shingo yake ni fupi kiasi kwamba nilijihisi nimepewa kitu cha mtoto. Niliipiga kwa kununa, ili tu tumalize twende nyumbani.

Hapa nataka niandike polepole, kwa sababu ndicho kilichonifanya nifungue shajara leo.

Vidole vyangu ni vifupi. Sijawahi kulisema hili mbele za watu, lakini ndivyo nilivyoumbwa. Miaka yote nimekuwa nikipiga besi ndefu huku macho yameganda shingoni mwa gitaa, nikikagua kila kidole kimefika kinakokwenda. Hii fupi haikuhitaji kukaguliwa. Kila sauti ilikuwa karibu. Na kwa kuwa macho yangu hayakuwa na kazi, nikayainua.

Nikaona kiatu cha mke wangu kinagusa sakafu.

Kisha akasimama. Akaiegemeza fimbo kwenye spika, akashika mlango wa friji kidogo, akauachilia. Akaanza kutembea kwenye kile kinjia kati ya friji na televisheni, mwendo wa kwaya, kama zamani. Isipokuwa si kama zamani. Mguu wa kushoto ulitua sawasawa. Wa kulia ulichelewa, ukazunguka kidogo nje, ndipo ukatua. Mara ya kwanza nilimtangulia, na nikaona bega lake linashtuka. Mara ya pili niliivuta ile sauti, nikaishikilia, nikamngoja. Mguu ukatua. Nikaachilia inayofuata.

Tukaenda hivyo hadi mwisho wa kinjia na kurudi. Abdi alikuwa amepunguza redio, na mteja aliyekuwa mlangoni alingoja nje bila kuambiwa.

"Hii inatembea," Mama Nelima alisema, akaketi akihema.

Tukainunua. Macho hayana pazia, na hata wakati Abdi anaifunga nilikuwa bado naiangalia ile nyeusi. Sitaki kujifanya malaika.

Wale wa kwenye video hubishana kama chombo kina maana, au yote yako mikononi. Kwa Alhamisi moja nimepata jibu ambalo halipendezi upande wowote. Chombo kina maana, tena sana. Hii besi yangu mpya ina kasoro: uzi wa chini unanung'unika badala ya kunguruma, na ilibidi nitafute nyuzi nene zaidi, ndizo zilizonikata vidole. Lakini maana yake haikuwa pale nilipokuwa nikiitafuta. Nilikuwa nauliza itanifanya nisikike vipi. Mke wangu alikuwa anauliza kama anaweza kukanyaga juu yake.

Ijumaa na Jumamosi sikumuuliza kama leo ataingia na kwaya. Ukiishi na mtu muda mrefu unajua ni mlango gani wa kutobisha.

Asubuhi nilikuta sare yake ya kwaya imetandikwa kitandani, imepigwa pasi.

Kanisani mimi hukaa mbele, karibu na spika, kwa hiyo mlango nauona kwa mbali. Niliona kundi la kwaya limejipanga nje, upepo unarusha vitambaa vyao. Mwalimu wetu wa kwaya, Naisula, alienda hadi kwenye kiti cha plastiki, na salamu yao ikanifikia hata kule mbele.

"Takwenya, Mama Nelima."

"Iko," mke wangu alimjibu, na hiyo ndiyo salamu ya Kimaasai aliyofunzwa na mama anayetuuzia maziwa mwaka ule tulipohamia hapa kutoka Bungoma. Halafu akaacha fimbo kwenye kiti. Akatembea hadi mbele ya laini, pale mahali pake, na hakuna aliyempinga wala kumuuliza.

Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu. Kama angeanguka, hangeanguka sakafuni tu, angeanguka mbele ya watu wote wanaomjua.

Nikaanza. Mguu wa kushoto. Nikaishikilia sauti. Mpiga ngoma akanikazia macho, maana alikuwa ameshanipita. Nikatikisa kichwa: ngoja. Mguu wa kulia ukazunguka, ukatua. Nyuma yake mambo yaliharibika kabisa. Wale wa sauti ya kwanza walimkanyaga aliye mbele yao, mwingine akacheka, laini ikajikunja. Mama Nelima hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi namtazama yeye, na katikati yetu kulikuwa na kanisa zima, sikuliona.

Sijui ni nani aliyeanza. Nafikiri ni wale wamama wawili wa nyuma yake. Waliacha kupigana na wimbo, wakavuta mguu wa kulia kama yeye. Kisha waliowafuata. Walipofika katikati, laini yote ilikuwa inachelewa pamoja, inazunguka pamoja, inatua pamoja, na mpiga ngoma amepata ile nafasi akaiacha wazi. Hata kwenye viti watu walikuwa wakivuta mguu. Sijawahi kuona kwaya yetu ikiingia vizuri namna ile, na ninasema hivyo kama mtu aliyeiona ikiingia mara nyingi sana.

Namheshimu mwanamke huyu. Nampenda pia, lakini leo ni heshima ndiyo iliyonifanya nisahau kuimba ubeti wa mwisho.

Baada ya ibada watu walitoka kunywa chai, na Naisula akamshika mkono.

"Hiyo step ni mpya," alisema. "Mmeitoa wapi?"

"Ni ya Matasia," Mama Nelima alimjibu, akaendelea kupuliza chai yake.

Sasa yuko jikoni anakoroga ugali, na mimi niko sebuleni na besi mapajani, bila kuichomeka kwenye spika. Nyayo zake zinasikika kwenye simenti, kutoka jikoni hadi kabatini na kurudi, na nimekuwa nikizifuata kwa sauti ya chini, kwa siri. Kushoto. Shikilia. Ngoja.

Mara mbili sasa mguu wa kulia umetua kabla sijaachilia uzi. Nilidhani nimekosea, nikasikiliza tena. Sikukosea. Ni yeye anayewahi; mguu hauchelewi tena kama asubuhi.

Itabidi kesho jioni nijifunze huu wimbo upya.