Kiganja Kisichoshika

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Mstari uliochana karatasi hapo juu si wangu, ni wa huyu mwanangu, mwanao pia. Sasa hivi kaninyang'anya kalamu, kachora, kisha kanikazia macho kama hakimu. Hujambo lakini? Kikohozi kimeisha? Sisi tunamshukuru Mungu, ila bado tuko wodini. Kuhara hakujakata, ngozi inambanduka, mwili unazidi kupungua huku meno yanaota.

Daktari kasema tatizo ni kinga yake. Basi mama wa kitanda cha jirani kaniletea unga wa kuongeza kinga, nimpe kijiko asubuhi na jioni. Kopo nimelificha chini ya mto. Wewe uko maabara, na damu yake ililetwa kwenu kupimwa. Niambie, nimpe?

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Kikohozi kimeisha. Nibusie huyo hakimu.

Kopo lirudishe leo leo! Mtoto hajapungukiwa askari wa kinga. Wamezidi ukali, wanampiga mwenye nyumba. Ndani ya seli nyeupe za damu kuna protini inayowasha jeni hizi na kuzima zile, ndipo baadhi ya seli zinakuwa wapatanishi, zinawaambia wenzao, "Basi, huyu wetu." Protini hiyo ina sehemu zake. Moja inashirikiana na protini nyingine. Moja ni kama kiganja, inashika uzi wenye jeni. Ya mwanetu ipo, inafika kazini vizuri tu, ila kiganja kina kasoro, hakishiki. Jeni hazipati amri, wapatanishi hawatokei.

Na usianze kujilaumu, nakujua. Kasoro katoa kwako, ndiyo, lakini hukuichagua, kama ambavyo hukuchagua hiyo pua ya baba.

Dawa ni uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaozaa damu, wa mtu mwenye kiganja kizima. Nimejipima. Tunalingana naye. Nafunga mizigo.

Dada yako

2 Septemba

Dada yangu,

U hali gani? Kiuno bado kinauma pale walipokutoboa? Nisamehe kwa kimya. Tangu uondoke alikuwa hoi, sikuwa na mkono wa kuandika, nilikuwa nasikiliza pumzi zake tu.

Sasa sikia. Wamempima: seli ni zako, na kiganja kinashika! Kuhara kumekoma, ngozi ni laini hadi mama wa jirani anauliza, "Hivi huyu ndiye yule yule?" Nikamwambia ndiye, ila sasa ana mama wawili kwelikweli.

Kimebaki kimoja, kula. Ule mrija wa puani wanaomlishia hautoki mpaka ale mwenyewe, na bila hivyo hatuendi nyumbani. Nikileta kijiko anageuza uso. Leo nimemwachia nesi bakuli, nimekaa hapa koridoni, maana akiniona anadeka. Nilitaka kukuomba, ukija safari hii, uje na ile

Ngoja, nesi ananiita. "Mama, njoo uone! Kijiko kaninyang'anya, kakishika mwenyewe, na anakula!" Nakimbia.