Hakuna wa Kunishikia Farasi

Jumapili, jioni. Jua la leo lilikuwa la kutazama tu, halipashi kitu. Nimejifunga kanga juu ya sweta, nimekaa upande kwa sababu mapaja yananiuma, naandika kwa kidole kimoja.

Wageni wanaopitia ukurasa huu watanishangaa, basi nijieleze. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barabarani kule Marshalltown, katikati ya jiji. Shule niliishia darasa la tano, kwetu Pangani. Na ninapanda farasi. Si mbio za uwanjani, hapana. Ni safari ndefu za porini, kilomita themanini kwa siku moja. Kila mzunguko ukiisha daktari wa mifugo anampima farasi moyo. Moyo usiposhuka, safari yenu imeishia hapo.

Ilianza na blanketi. Mama mmoja wa Kizungu, wote tunamwita Tannie, shangazi kwa lugha yao, aliniletea blanketi la farasi limechanika. Mafundi wenzangu walilikataa, turubai lile linavunja sindano. Mimi nikalishona. Nilipompelekea nikamkuta mwenye blanketi, farasi mwenyewe, yuko zizini ananitazama. Anaitwa Koffie, yaani kahawa kwa Kiafrikana, ingawa masikio yangu kila siku yanasikia kofi. Marehemu baba alikuwa na punda wa kubebea mchanga, mgongo wa mnyama naujua tangu utoto. Tannie nyonga yake mbovu, hapandi tena. Tukakubaliana, mimi namshonea mablanketi yake bure, yeye ananiachia farasi.

Lakini bure hiyo ina bei. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na mimi sipo.

Baba Rehema yuko Zambia na lori. Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, wenzako wanatafuta magurudumu manne, wewe unatafuta miguu minne." Mama Béni, jirani yangu hapa mtaani Observatory, Mkongo, anasuka nywele, yeye ananiuliza kila wiki, "Nyama yako iko muzuri?" Kwao mnyama ni nyama. Mwanzo nilidhani anauliza habari ya jikoni.

Wanacheka, na mimi nacheka nao. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniona.

Jana ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda themanini. Safari ya namna hii inataka watu wawili, mpandaji na wa kumsaidia. Mkifika mapumziko mmoja anashika kamba, mwingine anammwagia farasi maji, anakunywa, anakwenda chooni. Farasi si kikapu, huwezi kumtua chini.

Nilimwomba Rehema, binti yangu. Ana miaka kumi na minne, amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia, ila kujibu anajibu Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Ijumaa, anaosha vyombo, nikamwambia, "Kesho tunaondoka saa kumi. Ukitaka kuja utajiandaa mwenyewe, sikulazimishi." Akasema, "Sharp, Ma," yaani sawa. Basi.

Sikutaka aje kwa kuburutwa. Nilitaka aje kwa kupenda.

Saa kumi alfajiri gari la jirani yake Tannie likasimama getini, na Koffie nyuma kwenye trela. Rehema amelala, amejifunika gubigubi. Nilimgusa mguu. Akajigeuzia ukutani. Nikasema moyoni, haya, jibu nimelipata. Nikafunga mlango taratibu kama mwizi.

Kule porini kila mtu ana watu wake. Waume wamebeba ndoo, watoto wanakata karoti, bibi mmoja kakaa kwenye kiti anawapigia makofi wajukuu. Mzunguko wa kwanza ulipoisha nilifika peke yangu na ndoo yangu moja. Jirani yake Tannie, naye mpandaji, yuko mbele kabisa na mkewe. Ningeweza kumwomba mtu yeyote anishikie kamba, watu wa farasi ni wema. Lakini Kiingereza changu ni cha kupimia suruali. Niliona haya. Nikakaa na kiu, nikakaa na mkojo, mkono wangu kwenye kamba.

Adhuhuri nikaswali hivyo hivyo, kamba nimeizungusha kiganjani. Koffie ananivuta mtandio, ananipumulia shingoni. Hapo nilitokwa machozi, si uongo. Nilikuwa nikimsemesha Kiswahili tangu asubuhi, pole baba, twende baba, na yeye ananigeuzia masikio. Nyumbani kwangu hakuna anayenigeuzia masikio hivyo.

Nilipotoa salamu, daktari alikuwa amesimama pembeni, ananisubiri. Akaweka kipimo ubavuni kwa Koffie, akasikiliza, akatabasamu. Moyo umeshuka. Akaniambia niende.

Tulimaliza. Wa mwisho, wengine washafungasha, lakini tulimaliza wote wawili wazima. Niligeuka kutafuta wa kumwambia. Nikamwambia Koffie.

Porini hakuna mtandao. Tulipofika robot ya kwanza ya mjini, zile taa za barabarani, simu ikaanza kutetemeka mfukoni bila kunyamaza. Rehema. Rehema. Rehema tena. Jamani! Nikajua mtoto kaungua, mtoto kagongwa. Napiga, hapokei. Nilishuka getini gari halijasimama vizuri.

Mama Béni ndiye aliyenipokea. "Weye mama wa namna gani? Mutoto amekungojea! Amevaa mabuti yangu, anasimama hapa ku geti mupaka jua inageuka. Namuambia kula, anakatala, anasema mama atakuja."

Mabuti yalikuwa mlangoni, amefunga kamba zake vizuri. Juu ya meza mikate miwili ya mayai, kila mmoja umefungwa kwa karatasi yake. Rehema kakaa kitandani, macho mekundu.

"Ma, ulisema kumi," akaniambia. Kwa Kiswahili. "Mimi nilikuwa redi. Kumi, Ma!"

Nikasimama pale na vumbi langu.

Kumi yangu ni ile ya giza, ya kabla ya adhana ya alfajiri, aliyonifundisha mama yangu. Kumi yake ni ile iliyoandikwa kwenye simu, jua limeshapanda. Miaka kumi na minne nalala naye chumba kimoja, na sikujua kama saa zetu hazifanani.

Niliupasha mkate wangu nikaula mbele yake. Ulikuwa umekauka. Nikamwambia mtamu, na kweli ulikuwa mtamu. Nikataka kumweleza habari ya kamba, na kiu, na daktari, lakini alishavaa vile vidude vya masikioni.

Leo asubuhi nimemuuliza, safari nyingine utakuja? Amesema, "Nitaona."

Mimi nikiambiwa nitaona huwa nasikia hapana. Jana pia nilisikia hapana, kwa mtoto aliyelala.

Nilimgusa mguu mara moja tu. Siku zote, akichelewa shule, namtikisa mpaka kitanda kinalia. Kwa nini jana nilimgusa mara moja tu?