Kioo cha Inchi Kumi na Saba

Chekalini, Aprili

Kaka Masinde,

Huku mvua imeshika na tumemaliza kupanda. Mama ni mzima, ila bado ananinunia kwa sababu ya kuku.

Umeuliza nataka laptopu gani ya kujifunzia kutengeneza tovuti. Ile ndogo uliyoisifu ni nzuri, lakini nataka yenye kioo cha inchi kumi na saba. Usiniambie ni nzito. Sitaibeba popote.

Hao kuku niliwamwagia mahindi ya mbegu, yale yenye dawa, wakafa wote. Mama anasema ni uzembe, maana hata mtoto anajua mbegu ya dawa ni nyekundu. Hata mimi najua, kaka. Siku hiyo niliiona nyeupe.

Daktari wa macho amesema miwani haitasaidia, na giza litazidi kuingia. Mama sijamwambia.

Uliza dukani kama kuna kioo kikubwa kuliko hicho. Kama hakuna, acha tu, usinunue yoyote.

Mwandiko huu ni wa rafiki yangu Winrose. Mimi ninamtajia tu maneno. Nimemwambia aache kulia, atalowesha karatasi.

Dada yako,
Nekoye