Usinipozee Habari za Mayu

Geita, Jumatano

Kwa kaka yangu Masanja,

Shikamoo kaka. Kama barua hii inakukuta asubuhi, mwangaluka. Kama ni jioni, mwadila, chagua mwenyewe. Habari za huko Malinyi? Ng'ombe wanaendeleaje, na mpunga umetoka vizuri? Mimi huku sijambo, ukiacha kikohozi cha vumbi la barabara ambacho sasa tumezoeana. Anayekuletea barua hii ni Jilala wa baba mdogo, aliyekuja huku Geita kwa shughuli zake. Nimemwambia akupe mkononi, na asigeuze huku bila majibu yako ya kuandikwa.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kwenye simu unanishinda, kaka. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za Mayu, ukasema, "Mama amechokachoka tu, wewe fanya kazi." Kisha ukaniuliza bei ya mchele huku Geita. Tangu lini wewe ukaniuliza mimi bei ya mchele? Nikataka kukuuliza tena, mtandao wenu ukakata, na tangu siku hiyo hupatikani. Nataka jibu kuhusu mama yetu. Ila kwanza nikusimulie yaliyonikuta kazini, ndipo utajua kwa nini sitaki tena kuambiwa nusunusu.

Unakumbuka mlipohama na ng'ombe, mimi nikabaki Ushirombo kwa wale masista Wahispania, nikiwapikia na kuwafulia. Ulinicheka kwamba nitatoka pale na lugha isiyo na mtu wa kuongea naye. Basi mtu kapatikana. Mwezi uliopita hospitalini kwetu aliletwa mzee mmoja wa Peru, anaitwa Eusebio, fundi wa uchorongaji, wale wanaotoboa miamba migodini. Bomba la chuma lilimwangukia, likamponda mguu pamoja na simu iliyokuwa mfukoni. Kiswahili hajui, Kiingereza anajua salamu tu, na wenzake walikuwa wameshahamia eneo jingine la kazi. Muuguzi mkuu wa wodi, Mama Sayi, akanifuata pale mapokezi ninapokaa. Akaniambia, "Kabula, funga hilo daftari. Si ulikula chumvi ya masista wewe? Twende ukaseme."

Kihispania changu ni cha jikoni na cha sala. Nikitumwa kitunguu nafika, nikiambiwa niongoze rozari sibabaiki. Lakini daktari wetu anaandika kwa Kiingereza, na kazi niliyopewa ilikuwa kuzigeuza karatasi zake kuwa Kihispania ili mzee azisome na kutia sahihi. Siku ya kwanza tu nikakuta neno "discharge" mara mbili kwenye ukurasa mmoja, juu kwenye habari za kidonda, chini kwenye habari za kwenda nyumbani. Nikafungua kamusi ndogo niliyoachiwa na masista. Ikanimwagia maneno kibao ya Kihispania kwa hilo moja: la usaha, la mgonjwa kuruhusiwa, la askari kuachishwa jeshi, la bunduki kufyatuka, hadi la betri kuisha moto. Nilikaa nayo kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Nikaona nisibahatishe. Nikamfuata daktari na karatasi yake, nikamwomba anioneshe kwa kidole: hapa unasema kinachotoka mguuni, au unasema mwenye mguu atoke? Alicheka sana, akanionesha. Kwa hiyo juu niliandika "supuración", yaani usaha, na chini nikaandika "alta", neno lao la kumruhusu mgonjwa. Tangu hapo sikugeuza karatasi hata moja bila kwenda kuuliza kwanza. Najisifu kidogo, nivumilie, maana sehemu ya kujisifu inaishia hapa.

Mzee Eusebio aliipenda hiyo alta kuliko chakula. Kila asubuhi daktari akifungua bandeji, yeye hautazami mguu, ananitazama mimi mdomoni. Namwambia, bado mzee, leo tena ni lile neno la juu. Anaguna, anageukia dirishani. Alikuwa na haraka kwa sababu ya mama yake, bibi mzee sana anayeishi na dada yake Eusebio, Rosa. Alinisimulia kuwa bibi huyo anafuga simbilisi, vile vinyama kama panya wanene wasio na mkia, humohumo jikoni. Nikamwambia sisi Wasukuma tunafuga ng'ombe. Akasema ng'ombe ni mzuri ila haingii jikoni, na tukabishana hivyo karibu asubuhi nzima.

Kwa kuwa simu yake ilipondeka, Rosa nilimpa namba yangu. Ijumaa saa kumi alasiri akanipigia. Hakuzunguka hata kidogo. Alisema, "Mama yetu amefariki alfajiri hii. Tunamzika kesho asubuhi. Mwambie kaka yangu sasa hivi. Kesho nitapiga kabla hatujafunika jeneza, nitaiweka simu karibu na mama, amuage."

Kaka, wewe unajua sisi tulivyolelewa. Msiba haumwagwi juu ya mtu aliye peke yake, tena kitandani, tena hajala. Anakalishwa, anakula kitu, watu wazima wanamzunguka, ndipo anaambiwa. Wewe mwenyewe ulipokuja kunichukua shuleni Shinyanga, ulisema Baba ananihitaji. Stendi ya Kahama ukaninunulia wali nyama na soda, ukanichekesha njia nzima. Nikajua Baba hayupo nilipoona watu wamejaa uwanjani kwetu. Sikuwahi kukulaumu, maana ndivyo anavyofanyiwa mtu anayependwa.

Nikamwendea Mama Sayi. Akasema, "Usimuue mgonjwa wangu. Mwambie mama yake anaumwa, moyo uanze kujipanga. Jumapili katekista analeta komunyo, tutamkalisha, tutamwambia pamoja." Nikakubali. Wala sikukubali kwa kulazimishwa, niliona ndiyo heshima yenyewe.

Nikaenda kitandani, nikamwambia, "Rosa amepiga, anasema mama yenu anaumwa kidogo." Hapo ndipo nilipokosea, kaka. Mtu wa kwetu akisikia "anaumwa kidogo" na sauti imeshuka, tayari anatafuta kitenge cha msibani. Yule mzee aliamini. Akaniuliza kama mama ana homa, nikasema kidogo. Akaniuliza kama anakula, nikasema anakula. Akaomba karatasi, akaandika maneno ya kumsomea Rosa: mpeni mama supu ya moto, msimwache ainuke kulisha simbilisi, mwambieni mimi nakaribia alta. Jioni ile alimaliza ugali wote, akasema anataka nguvu za safari.

Jumamosi saa kumi na moja jioni simu yangu ikalia. Nilikuwa kwenye korido, mlango wa wodi uko wazi, naona miguu ya mzee kitandani. Alikuwa Rosa. Niliitazama simu mpaka ikanyamaza. Ikalia tena, nikaitazama tena. Niliogopa kumwambia Rosa kuwa kaka yake hajui, na niliogopa kumwambia mzee mbele ya simu. Haikulia mara ya tatu.

Jumapili tulifanya kila kitu kwa utaratibu. Chai ya maziwa, katekista, Mama Sayi kashika mkono wake, na mimi nikasema. Hakulia. Aliuliza lini. Nikamwambia. Akauliza Rosa alipiga lini. Nikasema Ijumaa alasiri. Akahesabu kwa vidole, taratibu, saa za kwao na saa za kwetu, kisha akasema, "Nilikuuliza kama anakula. Ukaniambia anakula. Hapa sina masikio mengine ila wewe."

Mama Sayi akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamgeuzia kama mzee alivyosema, sikupunguza neno. Akauachia mkono wa mzee, akakaa.

Jana daktari aliandika lile neno la chini. Nikaligeuza, mzee akatia sahihi bila kunitazama mdomoni. Nilipotaka kuondoka akaniita. Alitaka nimwambie maneno ya Rosa ya siku ile ya Ijumaa, kama Rosa alivyoyasema. Nikasimama miguuni pa kitanda, nikayasema kwa mpangilio wake: amefariki alfajiri hii, tunamzika kesho, mwambie sasa hivi, nitaiweka simu karibu na mama. Yeye alifumba macho. Nilipomaliza, akajibu. Alikuwa akimjibu mama yake, kwa hiyo aliyoyasema sitayaandika hapa wala sitamgeuzia mtu. Mchana gari lilimchukua kwenda Mwanza kupanda ndege. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Nimelia sana, kaka, jana na leo.

Sasa nakuuliza. Mayu yu hai? Kama anaumwa, anaumwa nini, anakula au hali, ananijua akitajiwa jina langu? Usiniandikie "amechokachoka". Kama hayupo, andika hayupo, na siku aliyoondoka. Najua hapo ulipo unawaza nani yupo karibu na mimi, nani atanishika. Usiwaze hilo. Kukaa nitakaa mwenyewe, na nitakula kabla sijaifungua barua yako. Kama bado yupo, nimeshaomba ruhusa kazini. Jilala akifika tu na majibu napanda basi, hata kama ni siku tatu njiani. Ninachokuomba nisije na zawadi za mgonjwa nikakuta kaburi limeota majani.

Nisalimie wifi yangu Mama Ng'washi, mwambie vitenge alivyoagiza vipo kwa Jilala. Shikamoo za wanao nimezipokea: marahaba Ng'washi, marahaba na mdogo wako ambaye sijamwona. Mjomba Luhende mwambie dawa ya macho nimeitafuta Geita yote na imepatikana, ameibeba Jilala. Nisalimie na majirani mnaochunga nao.

Salamu za Mayu sijaziandika. Nasubiri uniambie niziandike au nisiziandike.

Mdogo wako anayekupenda,
Kabula