Injini Niliyoisingizia

Columbus, Jumapili asubuhi. Mvua ni nyembamba, nami situlii. Nimeketi, nimesimama, nimeketi tena.

Jana tulimwoza Neema, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi ndiye baba yake mdogo na msemaji wa familia. Jana nilikuwa dereva pia. Mwenye karakana ya Gahanna ninakofanya kazi alituazima gari lake la Kiingereza la miaka ya sitini, la milango minne, ambalo injini yake niliifungua na kuifunga kwa mikono yangu.

Injini hiyo ina silinda sita, na ina nasaba. Ndugu zake walishinda Ufaransa, katika mbio za magari za mchana na usiku kucha. Gari lenyewe, ingawa liliundwa libebe familia, liliyatesa magari mengine katika viwanja vya mbio vya Uingereza. Wezi wa benki walilipenda; polisi nao wakalinunua ili wawafukuze.

Sisi tukalitaka litambae.

Kwa desturi yetu msafara wa bibi harusi huenda polepole, na wakwe hutangulia. Wakwe zetu walitoka Louisville, wakiongozwa na baba wa bwana harusi, mzee mpole asiyependa pupa. Tulipotoka nyumbani Whitehall kuelekea kanisani Northland, niliwapita wote nikaingia barabara kuu.

"Baba mdogo, tunawapita wakwe?" Neema aliuliza.

"Gari litachemsha."

Akautazama mshale wa joto.

"Basi kanyaga."

Tulizunguka hadi karibu na uwanja wa ndege, injini ikinguruma kwa raha. Tulichelewa nusu saa. Wakwe walikuwa wamesimama nje ya kanisa. Shangazi mmoja wa upande wao akasema kumbe wameoa kwenye ukoo wenye msemaji mwizi wa bibi harusi. Mzee hakunipa mkono.

Ukumbini nilisimama. Nikaeleza, kwa mpangilio, jinsi injini ya mbio inavyodai upepo kwenye rejeta inayopoza maji yake, na jinsi mwendo wa msafara unavyoweza kuiua. Kuhusu magari ya aina ile, kila neno lilikuwa kweli. Watu walicheka, wakapiga makofi. Ndipo mzee akainuka mbele ya wote.

"Mkwe, nilikukasirikia bure. Naomba unisamehe."

Nikamsamehe.

Mshale ulikuwa katikati. Haukusogea tangu Whitehall. Rejeta ni mpya, niliifunga mwenyewe.

Niliyaona tu magari ya wakwe mbele yangu, yakituongoza taratibu kwenda kumchukua mtoto, kwa haki kabisa, nikataka nusu saa naye, isiyo ya mtu mwingine. Basi. Neema aliuona mshale, akanisitiri. Sasa anaingia ukweni akiwa amebeba uongo wangu, na mtu wa kwanza anayemficha kitu ni baba mkwe wake.

Je, hilo ndilo nililomlelea?

Saa sita mchana maharusi wanaondoka kwenda Buffalo, kwenye kazi ya mume, na mzee anarudi Louisville. Yupo hotelini, dakika kumi kutoka hapa. Nimekwisha kuvaa viatu.

Hotuba sina.