Nililosema Juu ya Liru

Kaka yangu,

Sijui barua hii itakukuta Aru au Bunia, maana wenye malori wa mpakani Vurra kila mmoja ana habari zake. Nimeianza mara tatu, nikaichana. Leo nitaandika hivyo hivyo.

Jumapili dereva mmoja aliyewahi kufanya kazi nawe alikuja kunywa chai pale ninapouza. Aliposikia kwetu ni Koboko, akanisimulia habari zako: eti ulipanda mlima Liru mpaka kileleni, ukasimama juu ya lile jiwe la mwisho, ukatazama nyumbani, ukamletea mama habari ya uongo. Nikaliweka birika chini. Wewe hukufika kwenye jiwe lile. Niliyefika ni mimi.

Kiangazi kile baada ya vita vya sabini na tisa, askari wakituwinda vijijini, tulikuwa tumejificha na mama nyuma ya mlima, baba amebaki kulinda nyumba upande wa pili. Mama akatutuma tupande tukachungulie. Ulinitania njia nzima, "We miguu ya bata, Liru itakucheka." Na jua lile! Hakuna mti wala tone la maji, mawe yanachoma nyayo, tunapanda kwa mikono na magoti. Karibu na kilele ukateguka mguu. Ukakaa chini, ukaniambia nimalizie peke yangu.

Nilipofika juu ukaniuliza, "Iko?"

Niliona bati letu linang'aa. Nikajibu, "Iko."

Kwetu neno ni hilo hilo moja: nyumba iko, mbuzi iko, mutu iko. Wewe ulikuwa unamuulizia baba, mimi naangalia paa. Ukashuka kwa mguu mmoja, ukamwambia mama, "Baba iko," na mama akaondoka siku hiyo hiyo amembebea mihogo ya kuchoma. Alirudi siku ya tatu na kofia ya baba tu. Alimkuta uani, amekufa siku nyingi, akamzika kwa mikono yake.

Akakutazama wewe. "Ulisema iko."

Hukujibu. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeelewa palepale, na nikanyamaza. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini ulimi nilikuwa nao. Tangu hapo mama hakugusa chakula ulicholeta, mpaka ukapanda lori ukaenda zako.

Miaka yote hii nimejidanganya kwamba huenda hukujua kosa ni la nani. Kumbe ulijua! Hata huko ugenini, kwa watu wasiotujua, unajipandisha kwenye jiwe lile ili mimi nisiwepo. Nimeshtuka, kaka. Nani alikuomba unibebee? Nakupenda, na nimekukasirikia vibaya sana.

Jana nilimwambia mama yote. Nilijua atanifukuza. Akausukuma ugali pembeni, akasema, "Andika. Mwambie mimi ndiyo nilifukuza mutoto yangu. Mguu yake ilikuwa imevimba, na mimi hata sikuangalia."

Njia ya Vurra imetulia siku hizi. Njoo, na uje mchana, majirani wote wakuone ukiingia. Mimi nitasimama mlangoni niwaambie kwa sauti ni nani aliyekosea.

Ni mimi niliyenyamaza,
dada yako mdogo