Noti ya Babu Ndani ya Plastiki

Nafula, shangazi Lydiah ameiua ile noti ya babu. Ile ya mkoloni, ya shilingi elfu moja, ambayo ingemnunulia ploti Kamulu.

Mnunuzi wa noti za kale amefika Kaloleni leo na glovu zake. Shangazi akaitoa kwenye Biblia kwa maringo: "Niliipeleka saiba, pale kwenye kompyuta, wakaifunga plastiki, kama kitambulisho."

Mnunuzi akakaa chini. "Mama, waliipitisha kwenye mashine ya moto?"

"Kidogo tu."

Kidogo tu, Nafula.

"Basi hata bure siitaki. Plastiki hiyo ikibanduka, inabanduka na noti yenyewe."

Alipoondoka, shangazi, ambaye hakulia hata tulipomzika babu, akalia. Kisha akacheka. Kila Krismasi babu alimwambia noti hiyo haitauzwa, hata yeye akifa.

Ameitundika kando ya picha ya babu. "Umeshinda, mzee. Kaa nayo."